Manyasi Niliyoyakwangua

Jumatatu, 4 Machi

Mgongo! Nimeinama juu ya meza tangu saa mbili asubuhi, sasa nikijinyoosha nalia kama mlango wa stoo. Daftari hili ni la vipimo, kurasa za nyuma hazina kazi. Nitaandika yangu humu. Kichwa kikijaa lazima kimwagwe mahali, na nikimmwagia wifi, kesho yatakuwa kwenye foleni ya mkate.

Kazi yenyewe ni karatasi ya nane ya ramani. Mto, kisha ng'ambo, kilomita nne za tambarare, kisha tuta la reli. Jeshi letu litavukia hapo. Mpango unaitwa Siku Tisa: siku ya kwanza tunavuka, ya tatu tunashika reli, ya tisa tumekaa kwenye mji wao mkuu tunakunywa chai. Siku tisa! Fundi bomba wa choo cha ofisi huu mwezi wa pili hajatokea.

Kanali kaja na rasimu yangu mkononi. Ndiye mkuu wa chumba chetu cha ramani, mtu wa vidonda vya tumbo na glasi ya maji ya uvuguvugu. Jenerali ameiona, hakuipenda. Imejaa takataka, amesema. Anataka ramani safi, jicho likienda mbele lisijikwae. Kanali akaweka kidole pale kwenye tambarare, juu ya alama za kinamasi — vijistari vitatu vya kusimama, kimoja cha kulala chini yake. Chumbani tunaziita manyasi. Akauliza hizi za nini. Nikamwambia mvua zikianza pale hapakanyagiki. Na tarehe kumi na tano Machi, siku yenyewe ya kuvuka? Nikasema siku hiyo patakuwa bado pakavu, mvua huja mwisho wa mwezi. Basi ondoa, akasema.

Kwa tarehe kumi na tano alikuwa sawa. Sina la kumlaumu.

Wino wa ramani haufutiki, unakwanguliwa. Kwa ncha ya wembe, taratibu, usitoboe karatasi. Manyasi mia moja arobaini na mbili. Niliyahesabu ili nisilale.

Jumatano, 6 Machi

Jenerali ametia sahihi. Muhuri umegongwa. Karatasi imekwenda kuchapwa nakala.

Sasa haiguswi tena. Hiyo ndiyo sheria kubwa ya chumba hiki, kubwa kuliko kiapo: ramani iliyotiwa sahihi haiongezwi hata nukta mpaka aliyeitia sahihi aagize kwa maandishi. Mwenzangu wa meza ya pili, Miwani, mwaka juzi aliongeza kisima kimoja kwenye ramani iliyokwisha kugongwa. Kisima kilikuwepo kweli, watu wakiteka maji. Alipelekwa miezi sita ghala la viatu. Mpaka leo ukitaja neno kisima anaangalia mlango.

Jumamosi, 9 Machi

Mdogo wangu kapewa ruhusa ya siku moja! Kaingia na mabuti yake, nyumba ikawa ndogo. Sajini wa wahandisi, anajenga madaraja ya kuelea, na bado nikimwona namwona yule Kijiti wa miaka sita, mguu kama fimbo ya kupimia. Mama alipofariki mimi nilikuwa na kumi na saba. Nilimlea kwa mshahara wa kukata karatasi, na jioni nilimpa makaratasi mabovu achore. Alama za ramani alizijua kabla ya herufi.

Wifi — mke wake, anakaa kwangu tangu vita ianze — alimkagua sare kuanzia kola mpaka chini. Anashona mifuko ya sare hizo hizo kiwandani. Akasema huu mfuko nimeushona mimi, angalia ulivyonyooka, ule wa kushoto ni wa yule mvivu anayekaa dirishani. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Wifi alipokwenda kuchota maji, Kijiti akaniuliza polepole. Hakuuliza lini wala wapi, anajua nimekula kiapo. Akasema tu, "Dada, tukishavuka, ardhi ya ng'ambo ikoje?"

Nilitakiwa kunyamaza. Nikamwambia, "Pagumu. Unaweza kucheza mpira."

Akashusha pumzi. Nilifurahi kumwona anashusha pumzi.

Alhamisi, 14 Machi

Imeahirishwa! Kesho ndiyo ilikuwa siku. Injini za boti zimefika bila yale mapanga yake yanayosukuma maji. Mapanga yako kwenye treni nyingine, treni iko kwenye stesheni nyingine, mkuu wa stesheni anataka barua. Kanali anacheka huku ameshika tumbo. Tarehe mpya ni ishirini na mbili.

Ijumaa, 22 Machi

Imeahirishwa tena. Mapanga yamefika, ni ya injini kubwa zaidi. Mafundi wanayapunguza kwa tupa, moja moja, kwa mkono. Miwani anasema wa ng'ambo sasa wanajua kuliko sisi, mwezi mzima boti mia mbili zimeanikwa ukingoni kama nguo.

Tarehe mpya: pili Aprili. Mpango haukubadilika hata mstari. Siku ya kwanza, siku ya tatu, siku ya tisa. Wamebadilisha tarehe ya juu tu.

Nimeangalia kalenda ukutani. Nimekaa.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Imeanza saa nne asubuhi, imepiga bati la ofisi mpaka hatusikiani. Sikungoja chai. Nimekwenda kwa Kanali, nikamwambia manyasi yarudi.

Hakubisha. Hilo ndilo linalochosha — angebisha ningegombana naye. Alitazama mvua dirishani. Akasema, "Mama Rula, unajua sheria. Aagize aliyetia sahihi."

Nikamwambia basi umwombe. Akasema Jenerali ameshaionyesha ramani ile kwa wakuu wa nchi. Amewaambia ni njia tupu mpaka relini. Nani atakwenda kumwambia kuna matope? Wewe? Mimi? Akanywa maji yake.

Wewe, nilitaka kusema. Nikatoka.

Alhamisi, 28 Machi

Nimepiga moyo konde. Nimeandika dokezo, nusu ukurasa: karatasi ya nane ilichorwa kwa hali ya kiangazi, mvua zimeanza, tambarare ya ng'ambo sasa ni kinamasi, magari hayatapita. Nimelipeleka mwenyewe masjala.

Karani wa masjala tunamwita Bwana Namba. Kwake karatasi isiyo na namba haijazaliwa, na yenye namba haifi. Alilisoma, akalipima kwa rula pembeni — pambizo lazima iwe vidole viwili — akaliingiza kwenye rejista. Namba 311. Likapanda kwa Jenerali saa tano. Saa nane likashuka. Juu yake kwa penseli ya bluu: Imeonekana.

Imeonekana! Neno zima ndilo hilo.

Na si mwisho. Nilipokuwa nasubiri pale nilisikia watu wa uchukuzi wakiongea. Malori yaliyopangwa kubeba mbao za kutandika njia wamepakia risasi badala yake. Kwa nini? Ramani inasema ardhi ngumu, mbao za nini? Walicheka kabisa. Mbao zote zimeshushwa. Wote wanasoma kutoka kwenye karatasi yangu.

Jumapili, 31 Machi

Nimemwandikia Kijiti. "Mdogo wangu, lile nililokwambia siku ile si kweli tena, bebeni mbao." Wifi akaongeza salamu zake na kamchoro ka mfuko. Tuliipeleka wenyewe kambini, mkaguzi wa barua akaturudishia saa ile ile, amepaka wino mweusi mstari wangu wote. Salamu za wifi ameziacha.

Mvua siku ya sita.

Jumanne, 2 Aprili

Leo. Saa kumi na moja alfajiri wamevuka.

Tumeamriwa sote tuwe chumbani. Ramani kubwa iko mezani, pini nyekundu ni zetu. Simu ikilia, Kanali anasema, Miwani anasogeza pini. Saa kumi na mbili na nusu: boti zimefika ng'ambo, hakuna aliyepigwa! Watu wakapiga makofi. Saa mbili: daraja la kuelea limekamilika. Hao ni Kijiti na wenzake, nikafikiri, na moyo ukanipanda kwa fahari — naandika hili kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Saa tatu, vifaru vya kwanza vimeingia tambarare.

Saa nne. Saa tano. Pini haziendi.

Simu inalia, Kanali anasikiliza, anasema ndiyo, ndiyo, anaweka. Wamekwama? nikamuuliza. Akainua tena simu. Saa sita zamu ya kikosi cha pili kuvuka ilifika, kikavuka. Mpango umeandikwa kwa saa, na hakuna aliyeandikiwa mamlaka ya kusema ngojeni. Saa nane cha tatu kikavuka. Miwani hana pa kuchomeka pini, zimejazana ukingoni kidole kwa kidole.

Jumatano, 3 Aprili

Pini ziko pale pale. Mvua pia.

Alhamisi, 4 Aprili

Leo ndiyo siku ya tatu, siku ya kushika reli.

Nimeyapata kwa vipande, nayaweka pamoja. Kifaru cha kwanza kilikwenda mita mia tatu, kikazama mpaka kwenye mlango. Cha pili kikajaribu kukizunguka. Malori yaliyofuata yakashindwa kugeuka, nyuma yao wengine wanafika kwa ratiba. Watu walishuka, wakazama mapajani. Wa ng'ambo hawakuhitaji ujanja wowote. Walikaa juu ya tuta la reli, pakavu, wakapiga. Wahandisi waliomba mbao kwa redio tangu saa tatu asubuhi ya kwanza. Waliomba mara kumi na moja. Waliletewa risasi.

Miwani alikuwa anasimulia huku ameshika pini mkononi. Alipomaliza akaziweka kwenye kopo, moja moja, akafunga.

Mia moja arobaini na mbili. Namba hii haitoki kichwani.

Jumamosi, 6 Aprili

Redio: majeshi yetu, baada ya kutimiza lengo la kwanza, yamejipanga upya kwenye ukingo wa awali.

Wifi ananiuliza hiyo ni nzuri au mbaya. Nimesema ni nzuri kidogo. Nimechoka hata kudanganya vizuri.

Jumanne, 9 Aprili

Yuko hai!

Wifi ameitwa nje ya kiwanda na dereva wa gari la wagonjwa, kapewa kikaratasi. Alikimbia mpaka ofisini kwangu na mkasi mkononi, askari wa getini nusura amkamate. Hai! Hospitali ya jeshi, wodi ya pili. Tulikumbatiana pale getini tukalia kama wendawazimu, na yule askari akageuka upande mwingine.

Alhamisi, 11 Aprili

Tumeruhusiwa kumwona. Siku mbili na nusu alisimama ndani ya maji. Miguu yote imefungwa bandeji, vidole vinne vya mguu wa kushoto havipo. Wifi alimshika uso, akasema kwa ukali kwamba mifuko ya sare yake imechanika yote, nani sasa ataishona? Kisha akatoka kwenda kulia kwenye korido.

Nikabaki naye. Ananiangalia. Akasema, "Dada, niliwaambia vijana wangu ni pagumu. Niliwaambia, dada yangu ndiye aliyeichora ramani hii, msiogope."

Sikuwa na pa kuweka mikono. Nikamwambia yote — rasimu, wembe, tarehe kumi na tano, dokezo, barua iliyopakwa wino. Mimi nilikwangua, nikasema. Mkono wangu. Akaomba maji, nikampa, akanywa taratibu mpaka glasi ikaisha. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba.

Kapteni wake alikufa siku ya kwanza. Mwenye cheo kikubwa aliyebaki katika kikosi chao ni yeye. Ndiyo maana kuna maafisa wawili wanakuja kila asubuhi na daftari: ramani uliiona? Uliisoma vizuri? Nani aliamuru magari yaingie?

Kabla hatujaondoka akanyoosha mkono chini ya godoro. Nakala ya karatasi ya nane, imekunjwa mara nne, imekauka ngumu kwa tope. Nikaifungua. Kwenye tambarare, kwa penseli, manyasi. Vijistari vitatu, kimoja cha kulala. Kila mahali gari lilipozama, kila mahali mtu alipozama, ameweka alama, kwa ule mkono niliomfundisha mimi. Alikuwa ndani ya maji anachora! Na pembeni, herufi kubwa za haraka: DADA, HAPA SI PAGUMU.

Irekebishe, akasema. Wasije wakawatuma wengine.

Ijumaa, 12 Aprili

Kanali kaniita, akafunga mlango mwenyewe. Macho mekundu, maji hajayagusa.

Tume ya uchunguzi inakaa Jumatatu. Wakubwa wanataka karatasi ya nane yenye manyasi. Yote, mahali pake, na chini iandikwe tarehe nne Machi. Jenerali ataitia sahihi jioni ya kesho. Ile ya zamani inachomwa. Nakala zilizorudi kutoka mbele zinakusanywa, hazifiki ishirini, nyingine zimo matopeni na wenyewe.

Nikaelewa polepole, kama mtu anayeamshwa. Tume itaambiwa ramani ilionyesha kinamasi. Walioko mbele hawakuisoma.

"Kwa hiyo iliyotiwa sahihi inaguswa?" nikamuuliza.

Akatazama meza. Akasema ana watoto wanne. Akasema nisipochora, tume itauliza nani alikwangua, na agizo lake lilikuwa la mdomo, na wembe ulikuwa mkononi mwangu. Alisema bila kunitisha, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha.

Nikasema unajua sajini wa wahandisi aliyebaki ni nani? Anajua. Akasema kwa majeruhi huwa wanapunguza kifungo. Miaka michache tu, Mama Rula.

Miaka michache! Nilimlea kumi na miwili.

Jumamosi, 13 Aprili

Naandika mezani, daftari liko chini ya karatasi. Miwani amekwenda kunywa chai. Saa saba na robo.

Nimeyachora. Asubuhi nzima, manyasi mia moja arobaini na mbili, kila moja mahali pake. Kazi nzuri, sijawahi kuchora vizuri hivi. Kilichobaki ni tarehe. Pale chini kulia ni peupe, upana wa kidole.

Saa sita nilikwenda masjala. Ramani ya Kijiti nilikuwa nimeifunga tumboni kwa mtandio wa wifi, inakwaruza. Bwana Namba alikuwa peke yake. Nikaifungua juu ya kaunta, tope likamdondokea kwenye rejista. Nilidhani atapiga kelele. Akalipuliza. Akaisoma alama moja moja, kidole hewani, bila kugusa. Alipofika pembeni aliyasoma yale maneno mara mbili.

Akaniuliza nataka nini. Namba, nikasema.

Akafungua rejista nyuma, akanionyesha ile 311, dokezo langu. Lipo, akasema, halikwenda popote. Kisha akaja ukurasa wa leo. Imetoka wapi? Mbele. Imeletwa na nani? Mimi. Akaandika. Ikabaki safu ya mwisho, ya maelezo. Akasema ramani ikija na tofauti na iliyotiwa sahihi, lazima mletaji aeleze tofauti imetoka wapi. Ndivyo fomu inavyotaka. Akanigeuzia rejista, akanipa kalamu yake mwenyewe.

Nikaandika: Manyasi yalikuwepo kwenye rasimu ya 4 Machi. Niliyakwangua mimi, kwa wembe, kwa agizo la mdomo la mkuu wangu. Aliyeyarudisha kwa penseli ni sajini aliyesimama humo.

Akasoma. Muhuri ukiwa juu, mkono wake ukasita. "Mama Rula, nikigonga hapa hata mimi siwezi kuitoa. Unanielewa?"

Nimechoka, nikamwambia. Gonga.

Namba 347. Ameifungia kabatini, funguo kaweka mfukoni.

Nimerudi, nimekaa. Sijisikii shujaa. Nasikia njaa. Kuna viatu kwenye korido. Kanali — namjua kwa kile kikohozi — na nyuma yake viatu vingine, vizito, vya mtu asiyekuja huku chini. Miwani amerudi mbio, anasema ni yeye, Jenerali, ameamua kuja kutia sahihi mwenyewe sasa hivi, tarehe imeshaandikwa? Nimechovya kalamu. Pale chini nimeandika kumi na tatu, tarehe ya leo, nimeanza A ya Apri—